Shajara ya mradi: kulijenga upya jedwali la Pasaka la Dionysius kwa mkono

12 Januari 2025: Lengo, vifaa na gharama za mwanzo

Mradi huu unalenga kulijenga upya, kwa kalamu na karatasi, jedwali la tarehe za Pasaka za kila mwaka ambalo mmonaki Dionysius Exiguus alilitunga mjini Roma mwaka 525. Nitafuata maelezo ambayo Beda, mmonaki wa Jarrow kaskazini mwa Uingereza, aliyaandika miaka 200 baadaye katika kitabu chake cha mwaka 725 kuhusu kuhesabu nyakati. Jedwali lina mistari 95, kuanzia mwaka 532 hadi 626, na kila mstari una safu nane: mwaka wa Bwana, indiktio, yaani nafasi ya mwaka katika mzunguko wa Kirumi wa miaka 15, epakta, yaani umri wa mwezi tarehe 22 Machi, namba ya siku ya wiki inayoangukia 24 Machi, nafasi ya mwaka katika mzunguko wa mwezi, tarehe ya mwezi kumi na nne, yaani siku ambayo mwezi wa angani unafikisha umri wa siku 14, tarehe ya Jumapili ya Pasaka, na mwisho umri wa mwezi Jumapili hiyo. Vyumba vya kujaza ni 760.

Nafundisha hesabu, na kwa miaka mingi nimewafahamu wanafikra Wakristo wa mwanzo wa Zama za Kati kwa majina tu. Kuna Boethius, aliyeuawa mnamo 524 na kuacha kitabu cha hesabu kilichosomwa Ulaya kwa karne nyingi. Kuna Cassiodorus, aliyeachana na siasa akajenga monasteri ya Vivarium kwenye shamba lake huko Calabria na kuwapa wamonaki kazi ya kunakili vitabu. Yeye alimfahamu Dionysius ana kwa ana na alimsifu kwa maandishi. Kuna Isidorus wa Sevilla na vitabu vyake 20 vya asili ya maneno na mambo. Majina ya namna hii hukaririwa usiku wa kuamkia mtihani na kusahaulika jioni yake. Nimetaka kuifanya kwa mikono yangu kazi moja waliyoifanya wao, nione inadai elimu gani kwa mtu.

Gharama hadi leo: karatasi nne za manila Sh 4,000, kopi 38 za kurasa Sh 3,800, bando la kupakulia maandiko Sh 5,000, kalamu tatu na rula Sh 3,500.

19 Januari 2025: Safu rahisi, na tarehe zinazosomwa kinyumenyume

Safu ya mwaka na ya indiktio zilichukua jioni moja. Anayetaka kufuata achukue mwaka, aongeze 3, agawanye kwa 15, na baki ndiyo indiktio. Baki likikosekana, indiktio ni 15. Safu ya tano nayo huzunguka kutoka 1 hadi 19, ikianzia 17 kwa mwaka 532, wala haina mtego.

Safu ya kwanza, ingawa ni nyepesi, ndiyo iliyobadili kalenda za dunia. Jedwali ambalo Dionysius aliliendeleza lilihesabu miaka tangu utawala wa Diocletian, mfalme wa Roma, na liliishia mwaka wa 247 wa mfalme huyo, ambao ni 531. Dionysius aliandika waziwazi kwamba hapendi kudumisha kumbukumbu ya mtesi wa Wakristo, kwa hiyo akaanza kuhesabu tangu Bwana alipojifanya mtu. Beda aliichukua hesabu hiyo akaitumia katika historia ya kanisa la Waingereza aliyoimaliza mwaka 731, na kupitia vitabu vyake ikaenea.

Kosa la kwanza lilitokea nilipoanza kusoma mstari wa kwanza wa Dionysius ili niwe na kipimo. Pasaka ya 532 imeandikwa kuwa siku ya tatu kabla ya idi ya Aprili. Idi kwa Warumi ni siku ya katikati ya mwezi, na idi ya Aprili ni tarehe 13; nikatoa 3, nikapata tarehe 10. Warumi, hata hivyo, huihesabu na siku yenyewe wanayoanzia: tarehe 13 ni ya kwanza, 12 ni ya pili, 11 ni ya tatu. Ningepaswa kulijua hili bila kufundishwa, kwa sababu kila Pasaka tunakiri kwamba Bwana alikufa Ijumaa na siku ya tatu, Jumapili, akafufuka, na hakuna anayelalamika kwamba hizo ni siku mbili. Pasaka ya 532 ni 11 Aprili.

Katika safu ya epakta ya mwaka huohuo Dionysius ameandika neno la Kilatini lenye maana ya kukosekana kwa kitu. Mimi niliandika sifuri, kisha nikaifuta. Sifuri ni neno tulilolipata kwa Waarabu pamoja na tarakimu zenyewe, na Dionysius hakuwa na alama hiyo. Alikuwa na neno tu. Kwenye jedwali langu chumba hicho kimeandikwa «hamna».

2 Februari 2025: Jumanne ambayo si Jumanne

Safu ya nne ilinisimamisha kwa wiki mbili nzima. Mwaka 532 ina namba 4, yaani 24 Machi ya mwaka huo ilikuwa siku ya nne ya wiki. Nikaandika Jumanne bila kuwaza. Nilipohesabu kutoka hapo hadi 11 Aprili nikaangukia Jumamosi, na Pasaka ya Jumamosi hakuna kanisa linaloisherehekea. Nikarudia hesabu mara tano. Nikadhani kopi yangu ina kosa, nikapakua nakala nyingine, nayo ikasema vilevile: 4.

Hatimaye nilipanda daladala hadi kwa padre mmoja mstaafu aliyefundisha Kilatini ujanani mwake. Nilimwekea karatasi mezani.

«Shikamoo, Baba Padre. Nimekwama hapa.»

«Marahaba, Mwalimu.» Akavaa miwani, akaushusha ukucha wa kidole cha shahada kwenye safu hadi kwenye neno langu, akacheka. «Hapa umehesabu siku kwa Kiswahili.»

Wiki yetu huanza Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa ya Waislamu, ndiyo maana siku ya nne ni Jumanne. Wiki ya Kilatini cha kanisa huanza Jumapili, na siku yake ya nne ni Jumatano; ndugu zetu wa Msumbiji hadi leo huiita Jumatano kwa Kireno siku ya nne. Neno nililozaliwa nalo lilikuwa na namba ndani yake, na namba hiyo niliiamini kuliko hesabu. Nimebandika juu ya meza karatasi yenye orodha hii, na namshauri yeyote atakayefuata afanye hivyo kabla ya kugusa safu ya nne: 1 ni Jumapili, 2 Jumatatu, 3 Jumanne, 4 Jumatano, 5 Alhamisi, 6 Ijumaa, 7 Jumamosi. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa Sh 1,200.

16 Februari 2025: Makosa ya kila mwaka wa nne

Namba ya siku huongezeka kwa 1 kila mwaka, na kwa 2 kunapokuwa na mwaka mrefu, yaani wenye siku 366. Ikipita 7, unatoa 7. Nilijaza safu yote kutoka juu hadi chini siku moja. Baada ya kujaza nikakumbuka kwamba siku za wiki hurudia mahali pake kila baada ya miaka 28, kwa hiyo mwaka 560 ni lazima uwe na 4 kama 532. Wangu ulikuwa na 3.

Kosa lilikuwa kwamba, kuanzia mwaka mrefu wa 536, niliiweka nyongeza ya siku mbili katika mwaka unaofuata mwaka mrefu. Siku ya ziada huingizwa Februari, kabla ya 24 Machi, kwa hiyo nyongeza ni ya mwaka mrefu wenyewe. Ubaya wa kosa hili ni kwamba hujirekebisha: mwaka 536 niliandika 1 badala ya 2, lakini mwaka 537 nikawa nimerudi kwenye 3 iliyo sahihi. Mtu anayekagua miaka ya 537, 538 na 539 atasema safu iko sawa. Dionysius alikuwa ameweka herufi B pembeni mwa kila mwaka mrefu, na mimi niliiacha nikidhani ni pambo. Nimeirudisha.

23 Februari 2025: Mwezi kumi na nne unapoangukia Jumapili

Kanuni ya safu ya saba ni kwamba Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi kumi na nne, na mwezi huo kumi na nne hauwi kabla ya 21 Machi wala baada ya 18 Aprili. Mwaka 546 mwezi kumi na nne uliangukia tarehe 1 Aprili, nayo ilikuwa Jumapili. Niliandika Pasaka hapohapo, 1 Aprili. Jibu sahihi ni 8 Aprili, kwa kuwa Jumapili inayofuata si Jumapili yenyewe, na umri wa mwezi katika safu ya nane haupaswi kamwe kuwa chini ya 15 wala kuzidi 21.

Siku moja tu, lakini ufalme mmoja uliitishiwa mkutano kwa ajili yake. Kanisa la Waairishi na wanafunzi wao wa Northumbria, ufalme wa kaskazini mwa Uingereza, walikubali Jumapili yenye mwezi wa umri wa siku 14 hadi 20, na walitumia mzunguko wa miaka 84 badala ya 19. Mfalme Oswiu alifuata desturi hiyo, lakini malkia wake Eanflæd alilelewa katika desturi ya Roma. Beda anasimulia kwamba ilitokea mfalme akawa anakula Pasaka huku malkia na watu wake wakiwa bado wamefunga, wakiadhimisha Jumapili ya Matawi. Mwaka 664 walikutana Whitby katika monasteri ya abesi Hilda. Colmán aliwasemea Waairishi, Wilfrid akausemea upande wa Roma, na mfalme akaamua kwa Roma. Sisi tunaosikia kila mwaka mabishano ya mwezi umeonekana au haujaonekana tunaweza kukadiria hali ya hewa ndani ya ukumbi ule. Ushindi wa Wilfrid ulimaanisha kwamba sasa kila monasteri ya Northumbria ilihitaji mtu anayeielewa hesabu ya miaka 19, na Beda alizaliwa yapata miaka minane au tisa baadaye, akapelekwa monasterini akiwa na umri wa miaka saba.

16 Machi 2025: Mwezi unaoruka

Hili ndilo kosa kubwa la mradi, nami nitalieleza kwa urefu kwa sababu nina hakika wengi watalirudia.

Kanuni ya epakta inaonekana nyepesi. Mwaka wa jua una siku 365, miezi 12 ya mwandamo ina siku 354, tofauti ni 11. Kila mwaka unaongeza 11, na jumla ikifika 30 au kuipita unatoa 30. Kutoka «hamna» ya 532 zinafuata 11, 22, 3, 14, 25, 6 na kuendelea, hadi 18 katika mwaka 550. Mwaka 551 nikaongeza 11, nikapata 29, nikaendelea hadi chini kabisa kwa kalamu ya wino.

Nilikuwa nimejiwekea desturi ya kulinganisha kila mstari wa kumi na orodha ya tarehe za Pasaka za kalenda ya Juliasi, ile kalenda ya zamani ya Kirumi. Mstari wa 10, mwaka 541, ulikuwa sahihi. Wa 20, mwaka 551: 9 Aprili, sahihi. Wa 30, mwaka 561: 17 Aprili, sahihi. Wa 40, mwaka 571: 29 Machi, sahihi. Wa 50, mwaka 581, jedwali langu likatoa 13 Aprili na orodha ikasema 6 Aprili.

Nilidhani nimekosea mstari mmoja. Niliporudi nyuma nikikagua mwaka kwa mwaka, nikakuta Pasaka za 560, 563, 564, 567, 570 na 577 nazo si sahihi, zote zikiwa zimejificha katikati ya ukaguzi wangu. Kwa nini zilijificha? Kwa sababu Pasaka husubiri Jumapili. Ukikosea mwezi kumi na nne kwa siku moja, kutoka Jumatano kwenda Alhamisi, Jumapili inayofuata ni ileile na kosa halionekani. Huonekana tu pale mwezi kumi na nne wa kweli unapokuwa Jumamosi nawe umeusogeza hadi Jumapili, ndipo Pasaka inaporuka wiki nzima. Mwaka 560 mwezi kumi na nne ulikuwa Jumamosi 27 Machi na Pasaka 28 Machi. Wangu ulikuwa Jumapili 28 Machi, nikaisogeza Pasaka hadi 4 Aprili. Safu ya nane, niliyoitegemea kama mlinzi, iliniambia mwezi una umri wa siku 21 na kunipitisha.

Dalili zilikuwapo, lakini katika safu nyingine. Mwaka 558 mwezi wangu kumi na nne uliangukia 19 Aprili, siku moja nje ya mpaka niliouandika mwenyewe tarehe 23 Februari.

Tiba iko katika sura ambayo Beda ameitenga kwa jambo hili pekee, nami nilikuwa nimeiruka. Mara kumi na tisa kumi na moja ni 209. Ili mwezi urudi mahali pake baada ya miaka 19 inahitajika miezi saba ya ziada yenye siku 30 kila mmoja, yaani 210. Inapungua siku moja. Kwa hiyo mzunguko unapokwisha, kutoka mwaka wa 19 kwenda wa kwanza (ukihesabu tangu 532, si kwa namba za safu ya tano), unaongeza 12 badala ya 11; wenyewe waliuita mruko wa mwezi. Basi 18 na 12 ni 30, unatoa 30, unapata «hamna», na mwaka 551 unaanza kama ulivyoanza 532. Kwa kuwa nilikuwa nimeuacha mruko mara zote, kosa la siku moja likawa la siku mbili kuanzia 570, tatu kuanzia 589, na vivyo hivyo. Mistari 76 ya epakta ilibidi ifutwe. Wino haufutiki, kwa hiyo nilinunua manila mbili nyingine kwa Sh 2,000 na kuanza upya, safari hii kwa penseli.

Baada ya marekebisho, mstari wa 577 ulinishangaza kuliko yote. Jedwali linatoa 25 Aprili, tarehe ya mwisho kabisa ambayo Pasaka inaweza kuifikia. Gregory, askofu wa Tours, aliyeishi wakati huo, ameandika kwamba mwaka ule kulikuwa na mashaka: yeye na miji mingi ya Galia, yaani Ufaransa ya leo, waliadhimisha 18 Aprili, na wengine pamoja na Wahispania wakaadhimisha 21 Machi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeadhimisha siku ambayo jedwali la Dionysius linaonyesha. Lilikuwa na miaka zaidi ya 50 tangu litungwe, na bado lilikuwa karatasi moja kati ya karatasi nyingi.

30 Machi 2025: Mzunguko mzima kwenye kiganja

Ili nisirudie kosa la mruko nilijaribu njia ya Beda ya kutumia mikono. Mkono wa kushoto una pingili 14, yaani tatu kwa kila kidole na mbili za kidole gumba. Ukiongeza kucha tano unapata 19, mzunguko wa mwezi. Pingili za mikono yote miwili bila kucha ni 28, mzunguko wa siku za wiki. Kwa anayehesabu uradi kwa pingili jambo hili halina ugeni wowote.

Jaribio la kwanza halikufaa, kwani nilianza na kidole gumba na kufikia ukucha wa kidole cha mwisho nikiwa nimesahau nilipo. Nilichukua kalamu nikaziandika epakta juu ya ngozi, pingili kwa pingili, nikihakikisha ile 18 inakaa kwenye ukucha wa mwisho kabisa. Sasa nikifika kwenye ukucha huo najua kwamba hatua inayofuata ni 12. Baada ya siku tatu za kunawa na kuandika tena, sikuhitaji kalamu.

Kitabu cha Beda chenyewe huanza na vidole kabla ya kufika kwenye mwezi. Mkono wa kushoto hubeba mamoja na makumi, wa kulia mamia na maelfu, na kwa viganja viwili mtu hufikia 9,999. Kwa moja unakunja kidole cha mwisho cha kushoto. Kwa kumi unaweka ukucha wa kidole cha shahada kwenye kiungo cha kati cha kidole gumba. Anaongeza mchezo: herufi zikihesabiwa kwa mpangilio, rafiki aliye kati ya watu wabaya anaweza kuonywa kimyakimya kwa kumwonyesha 3, 1, 20, 19, 5, kisha 1, 7, 5, maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya «uwe mwangalifu». Wanafunzi wangu walilipenda hili kuliko jedwali zima, na tangu hapo sina hakika wanaambiana nini darasani.

20 Aprili 2025, Pasaka: Kupima na kunakili

Jedwali lilikamilika tarehe 6. Nakala safi ilinichukua jioni nne, na nilipoikagua nilikuta makosa 11 ya kunakili, karibu yote ya namba za Kirumi: XIIII iliyopungukiwa kijiti, XVI iliyogeuka XVII. Hesabu ilikuwa sahihi, mkono ndio uliochoka. Nimeelewa kwa nini agizo la Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, la mwaka 789, lililotaka wavulana wafundishwe zaburi, alama za kuandikia, nyimbo, hesabu ya kalenda na sarufi, liliongeza papo hapo kwamba vitabu visahihishwe vyema. Alcuin wa York, aliyekutana na mfalme huyo Parma mwaka 781 na kuwa mwalimu wa jumba lake, alitoka katika shule iliyorithi kazi ya Beda. Kuna mafumbo ya hesabu yanayohusishwa naye, mojawapo la kuvusha mtoni mbwamwitu, mbuzi na kabeji; sisi tulilisikia utotoni likiwa na chui, mbuzi na majani.

Manila yangu sita ni Sh 6,000. Biblia kubwa ambayo monasteri ya Beda iliiandaa ili ipelekwe Roma mwaka 716 ilihitaji ngozi zaidi ya 500, nayo ilikuwa moja kati ya tatu. Kosa kwenye ngozi lilikwanguliwa kwa kisu.

Kipimo nilichokuwa nakisubiri ni Pasaka yenyewe ya mwaka huu. Waorthodoksi bado wanahesabu kwa kanuni hii. Kwa mwaka 2025 vidole vyangu vilitoa mwezi kumi na nne tarehe 4 Aprili na Pasaka 7 Aprili ya kalenda ya Juliasi, ambayo ni leo, 20 Aprili. Ni sahihi, lakini kipimo hiki ni dhaifu, kwa kuwa mwaka huu makanisa yote yameangukia siku moja na ningeweza kusema nimeotea. Nilirudi mwaka 2024, ambapo Wakatoliki na Waprotestanti waliadhimisha 31 Machi. Vidole vilitoa 22 Aprili ya Juliasi, sawa na 5 Mei, na ndiyo siku ambayo jirani yangu Morthodoksi alituletea chakula cha Pasaka mwaka jana.

Jambo moja halikukaa sawa. Kwa jedwali, mwezi kumi na nne ulikuwa Alhamisi Kuu, 17 Aprili. Usiku huo nilisimama uani kuusubiri: haukuchomoza hadi baada ya saa tatu, tayari umemeguka upande mmoja. Mpevu ulikuwa umepita siku nne kabla. Mzunguko wa miaka 19 unachelewa karibu siku moja kila miaka 300 hivi, na Beda mwenyewe alijua kwamba wakati mwingine mwezi huonekana angani mkubwa kuliko jedwali linavyosema. Aliandika sura kulieleza, akaliacha jedwali lilivyo. Marekebisho yalisubiri hadi Papa Gregori XIII mwaka 1582.

29 Mei 2025, Alhamisi ya Kupaa: Mstari wa nyongeza

Jedwali la Dionysius huisha 626. Beda aliliendeleza hadi 1063, ili mzunguko wote wa miaka 532 ukamilike. Mimi sikusudii kwenda huko, lakini nimeongeza mstari mmoja chini, wa mwaka 735.

Cuthbert, mwanafunzi wa Beda, aliandika barua kuhusu kifo cha mwalimu wake. Anasema alifariki jioni ya kuamkia Kupaa kwa Bwana, na sikukuu hiyo ilikuwa siku ya saba kabla ya kalenda ya Juni, jina la Kirumi la tarehe 1 Juni. Siku hiyohiyo saa tisa, na saa tisa ya Cuthbert ndiyo saa tisa yetu kwa kuwa nao walihesabu saa tangu alfajiri, mgonjwa alimtuma akawaite mapadre wa monasteri ili awagawie vitu vya thamani vilivyokuwa katika kisanduku chake: pilipili manga, vitambaa na ubani.

Nimeujaza mstari huo kwa vidole, bila kutazama orodha yoyote. Indiktio 3. Epakta 23. Namba ya siku 5, Alhamisi. Mzunguko wa mwezi 11. Mwezi kumi na nne, 12 Aprili, ambayo safari hii kweli ilikuwa Jumanne. Pasaka, 17 Aprili, mwezi ukiwa na umri wa siku 19. Kupaa huja siku ya 40, ikihesabiwa na Pasaka yenyewe kama Warumi wanavyohesabu: 26 Mei. Siku ya saba kabla ya kalenda ya Juni, kwa hesabu hiyohiyo, ni 26 Mei.

Gharama za nyongeza tangu Januari: manila mbili Sh 2,000, nauli safari mbili kwa padre Sh 2,400, bando Sh 3,000. Jumla ya mradi mzima ni Sh 23,700. Kwenye safari ya pili nilimpelekea Baba Padre mstari wa 735. Aliukagua kwa vidole vyake mwenyewe, akiwa amefumba macho, na alipofika kwenye ukucha wa mwisho aliniuliza kama nimekumbuka kuruka.